Magitaa Yangu Yanalia Kama Nyuki Kwenye Simu: Nifanyeje?

"Habari, mwalimu. Nina miaka 24, niko Kakamega, upande wa Lurambi. Mimi na wenzangu wawili tunapiga metali, ile roki nzito. Narekodi chumbani kwangu, futi kumi kwa kumi, paa la mabati. Nina kompyuta, kadi ya sauti yenye matundu mawili, spika mbili za inchi tano, hedifoni, na gitaa la mtumba ambalo uzi wake mzito tumeushusha hadi C. Narekodi kwa programu ya Reaper, Neural Amp Modeler inaniigia ampu ya gitaa, na ngoma nazipanga kwa kompyuta. Hapa chumbani wimbo unanguruma vizuri. Nikiucheza kwenye simu, magitaa yanakuwa kama nyuki na kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, haisikiki kabisa. Nikimwomba dereva wa matatu auweke, unakuwa mvumo mtupu, hujui rifu, ule mpigo wa gitaa unaojirudia, ni ipi. Rafiki yangu anayerekodi nyimbo za injili aliniambia ninakili gitaa mara nne, niondoe sauti za kati na niongeze distosheni, ule mkwaruzo wa gitaa. Mwingine ananihimiza nibandike trei za mayai ukutani. Nimeweka akiba kidogo: ninunue spika za inchi nane au nipeleke wimbo studio ya Nairobi? Tena kuna mvumo kila nikichomeka gitaa. Mchana mvua hunisumbua, kwa hivyo nafanya kazi usiku kwa hedifoni, na siku hizi nikilala masikio yananipigia kengele. Nimeambatisha wimbo."

Ndugu yangu, umeuliza mengi, na lililo zito kuliko yote umeliweka mkiani. Nitaanza nalo.

Masikio yanayopiga kengele baada ya kazi ya usiku yamechoshwa kupita kiasi. Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo mno vinavyogeuza mtikisiko kuwa ujumbe wa neva, na vikifa havioti tena. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, imeweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Mtu anayemiksi metali kwa hedifoni mpaka usiku wa manane, akipandisha sauti kidogo kila baada ya nusu saa, anaweza kufika huko bila kujua. Kwa hiyo wiki hii usimiksi. Pumzisha masikio kabisa. Kengele isipoisha baada ya wiki moja, nenda hospitali ya rufaa hapo Kakamega umwone daktari wa masikio. Na sikio moja likififia ghafla, usingoje hata kesho. Hiyo ni dharura, na matibabu yake hufaa zaidi yakianza mapema.

Jambo hili halijatengana na wimbo wako. Sikio la binadamu husikia besi na sauti za juu kwa wingi zaidi kadiri sauti inavyopandishwa. Fletcher na Munson walilipima hilo na kulichapisha mwaka 1933, na bado linatunasa sote. Ukimiksi kwa sauti kubwa, besi inakutosha hata kama imekaa vibaya, na sauti za kati zinakuudhi, unazipunguza. Kesho yake mwenzako anausikiliza kwa sauti ya kawaida na kukuta wimbo hauna tumbo. Miksi kwa sauti ambayo mtu akiingia chumbani mnaweza kuzungumza bila kupaza. Pandisha dakika moja tu, ukague kiki na besi, kisha shusha.

Sasa kuhusu nyuki.

Niliusikiliza wimbo wako kwa simu, kwa hedifoni, na kwa spika zangu hapa Kisumu. Kabla ya kugusa chochote, kagua kitu kimoja. Spika ya gitaa ya inchi 12, ile inayokaa ndani ya kabati la ampu, huanza kuzima sauti zilizo juu ya takriban 5,000 Hz, yaani mitikisiko 5,000 kwa sekunde. Watu wengi hawalijui hili: kile tunachokiita sauti ya gitaa la metali nusu yake ni kabati. Ampu yenyewe, ukiichomoa kabla haijafika kwenye kabati, inalia ziiii kama nyuki waliokasirika. Faili za Neural Amp Modeler ni za namna mbili. Kuna zilizonasa ampu peke yake, na kuna zilizonasa ampu pamoja na kabati na maiki. Nina hakika karibu kamili kwamba umepakua ya ampu peke yake na hukuweka kabati mbele yake. Programu hiyo hiyo ina nafasi ya kupakia faili ya kabati. Iko pale chini na wengi huipita. Weka moja, yoyote iliyonaswa kwa maiki ya Shure SM57 kwenye spika ya inchi 12, halafu sikiliza tena. Ukikuta sauti imezibwa kama imefunikwa blanketi, basi faili yako ilikuwa na kabati tayari na sasa yako mawili, ondoa moja.

Hilo likitengenezwa, nusu ya nyuki wataondoka. Nusu nyingine imetokana na ushauri wa rafiki yako, na simlaumu. Katika injili anayorekodi, gitaa ni safi, linajibizana na kinanda, na kupunguza sauti za kati kunampisha mwimbaji. Metali haiendi hivyo.

Tuchukue kunakili. Ukinakili gitaa lile lile na kulipeleka kushoto na kulia, masikio mawili yanapokea wimbi moja, na ubongo unaliweka katikati. Umeongeza ukubwa wa sauti, hujaongeza upana hata kidogo. Ukichelewesha nakala moja kwa milisekunde kadhaa ili ionekane pana, kwenye hedifoni utafurahi. Lakini simu nyingi za bei nafuu zina spika moja, inayojumlisha kushoto na kulia, na hapo mawimbi mawili yaliyopishana kidogo yanakatana. Magitaa yanabaki na mashimo mashimo. Upana wa metali unatokana na tofauti ndogo za mkono wa mwanadamu: unapiga rifu mara moja, unaipeleka kushoto kabisa, unaipiga tena upya, mwanzo hadi mwisho, unaipeleka kulia kabisa. Kila pigo linatangulia au kuchelewa kidogo, kila uzi unabanwa tofauti kidogo, na tofauti hizo ndizo sikio linazisoma kama ukuta wa sauti. Mara mbili inatosha. Mara nne ni kwa wale ambao wakipiga mara nne utadhani ni mmoja; kabla ya hapo, unapoteza makali ya kila pigo.

Na kabla ya kupiga hata mara moja, kaza nyuzi. Hili nitalisema kwa msisitizo kwa sababu niliposikiliza kiitikio chako, shida niliyoisikia haikuwa ya miksi. Uzi wa kawaida wa gitaa umetengenezewa E, karibu 82 Hz. Ukiushusha hadi C, 65 Hz, unalegea, na kila ukiupiga kwa nguvu sauti inapanda kwanza kisha inashuka. Distosheni inalikuza kosa hilo. Magitaa mawili yenye nyuzi legevu hayafanyi ukuta, yanayumba. Tafuta seti nene ambayo uzi wake wa chini ni 56 au 60, mpelekee fundi wa gitaa akurekebishie shingo na daraja la nyuzi ili noti ziafikiane mpaka juu, kisha patanisha gitaa kabla ya kila rekodi. Kila rekodi, si kila asubuhi. Fedha ya kwanza kutoka kwenye akiba yako iende hapa.

Distosheni nayo: ipunguze. Najua inauma kusikia hivyo kwa mpiga metali. Distosheni hufanya kazi kwa kukata vilele vya wimbi, hivyo pigo kali na mlio wake unaofifia vinakuja kulingana. Ukizidisha, ule mgongano wa kipiki na uzi, ambao ndio humfanya msikilizaji akunje uso, unazama. Kinachobaki ni msukosuko wa juu usiokatika, na nikiusikiliza wimbo wako nakumbuka mvua ya Kakamega ikipiga bati saa tisa alasiri: ni sauti kubwa, ni nene, lakini hakuna anayeweza kuitambua tone moja. Rudisha gaini, yaani kiasi cha distosheni, chini mpaka gitaa moja likipigwa peke yake likuache ukitamani zaidi kidogo. Mawili yakikutana, kile ulichokitamani kitakuwepo.

Kuna siri moja ya zamani ya wapiga metali ambayo inakufaa sana wewe uliyeshusha nyuzi. Mbele ya ampu wanaweka kikanyagio cha aina ya Tube Screamer, distosheni yake ikiwa sifuri na ukubwa wa sauti ukiwa juu. Hawakiweki kwa ajili ya kuongeza ukali. Wanakiweka kwa sababu kinapunguza sauti nzito kabla hazijaingia kwenye ampu. Besi ikiingia kwenye distosheni inatoka ikiwa matope, na ukishatengeneza matope hakuna ikwalaiza itakayoyageuza kuwa maji. Kwa hiyo mambo mawili ni tofauti: kukata besi kabla ya distosheni kunafanya gitaa liwe na makali, kukata baada yake kunampisha mpiga besi. Unayahitaji yote mawili.

Hapa ndipo kiini cha majibu yangu kilipo, na nakuomba ulishike hata ukisahau mengine yote: uzito unaousikia kwenye nyimbo za metali unazozipenda hautoki kwenye gitaa. Unatoka kwenye besi na kiki. Gitaa linaleta hasira na sura.

Wewe uko Kakamega, umeona isukuti mara nyingi kuliko mimi. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na hakuna anayejaribu kuipiga ile ndogo mpaka itoe sauti ya kubwa. Kila moja inakaa mahali pake, na kwa sababu hiyo ukiwa mbali, hata mwinuko wa pili, unajua kila mkono unafanya nini. Kwenye wimbo wako ngoma zote tatu zinagombea kuwa kubwa. Uzi wa chini wa gitaa lako unalia 65 Hz. Besi ikiwa C ya chini yake inalia karibu 33 Hz, na mlio wake wa pili ni 65 hiyo hiyo. Kiki uliyoichagua ina kifua chake mahali fulani kwenye 60. Wote watatu mlango mmoja. Spika kubwa za matatu zinapenda eneo hilo kuliko yote, ndiyo maana ulisikia mvumo mtupu. Spika ya simu haiwezi kulitoa eneo hilo hata kidogo, na kwa kuwa uliondoa sauti za kati, simu imebaki na ziiii peke yake. Kwa hivyo nyuki wa simu na mvumo wa matatu ni ugonjwa mmoja, umeusikia kwa masikio mawili tofauti.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita nilirekodi bendi ya vijana hapa Kisumu, na kwa siku mbili nzima nilinenepesha magitaa mpaka nikaridhika. Tuliposikiliza pamoja, mpiga besi, kijana mkimya sana, alingoja wimbo uishe kisha akaniuliza, "Mbona mimi simo?" Alikuwemo. Nilikuwa nimemfunika. Niliporudi nikakata magitaa chini ya 100 Hz, yakawa membamba hadi nikaogopa. Nikarudisha besi, na chumba kizima kikashuka chini kana kwamba mtu ameingiza gari zito. Hakuna aliyegundua kwamba magitaa yamepunguzwa. Wote walisema yameongezwa. Hata wakubwa hujikwaa hapo: albamu ya Metallica ya mwaka 1988 inajulikana hadi leo kwa besi ya Jason Newsted ambayo karibu haisikiki.

Basi fanya hivi. Magitaa yakate chini ya 80 hadi 100 Hz. Juu, yakate kuanzia 10,000 hivi. Kati ya 400 na 2,000 Hz usitoe kitu kwa mazoea. Huko ndiko rifu inakosomeka, na huko simu inasikika vizuri. Mahali penye shida maalumu ni pale unapoziba nyuzi kwa kiganja na kupiga dju-dju-dju: kila pigo linatoa bonge la sauti kati ya 100 na 200 Hz, kubwa kuliko sehemu nyingine ya wimbo. Usilikate moja kwa moja, maana rifu ikifunguka utapungukiwa. Weka kompresa ya masafa, iguse eneo hilo tu, na ibane desibeli 3 hadi 5 pale bonge linapotokea. Tazama sindano: iruke kwenye viganja, itulie nyuzi zikiachwa zilie wazi.

Besi igawe mara mbili kutoka kwenye rekodi moja kavu, yaani isiyopita kwenye ampu wala distosheni. Nakala ya kwanza ibaki na kila kilicho chini ya 200 Hz, safi, iliyobanwa sana mpaka isiyumbe. Nakala ya pili ibaki na kilicho juu ya hapo, na hiyo itie distosheni bila huruma. Hiyo ya pili ukiisikiliza peke yake ni mbaya, ni kama msumeno kwenye mbao mbichi. Iweke chini ya magitaa na utaona yamepata meno. Zaidi ya hayo, kwa kuwa sasa besi ina sauti za kati, simu nayo itaisikia.

Kiki inahitaji hesabu kidogo. Wimbo wako unakwenda kasi ya mapigo 200 kwa dakika, na kwenye daraja la wimbo unapiga kiki mara nne ndani ya kila pigo. Hiyo ni kiki moja kila milisekunde 75. Wimbi la 60 Hz linachukua karibu milisekunde 17 kuzunguka mara moja. Kwa hiyo kiki moja haipati hata mizunguko mitano kabla nyingine haijaingia. Kiki yenye mkia mrefu haiwezi kupumua hapo. Mikia inashikana na kuwa mvumo. Chagua kiki fupi, kavu, na utafute ule mlio wa kigongo kati ya 3,000 na 5,000 Hz. Ukiusikiliza peke yake unafanana na mtu anayegonga meza kwa ukucha. Ndio huo utakaofika kwenye simu, na uzito wa chini mwachie mpiga besi kwenye sehemu hizo za kasi. Kisha usiweke kila pigo kwenye nguvu ya mwisho; mguu wa pili wa mpiga ngoma huwa dhaifu kidogo kuliko wa kwanza, na sikio linalijua hilo hata kama msikilizaji hajui.

Kuhusu chumba, nakuomba tuachane na trei za mayai. Nimeziona kwenye studio nyingi kuanzia Nakuru hadi Busia na naelewa zinavyovutia. Ni karatasi nyembamba. Zinapunguza mwangwi kidogo kwenye sauti za juu, hazizuii kelele kutoka wala kuingia, na zinashika moto upesi mno kwenye chumba chenye nyaya. Shida ya chumba chako iko kwingine. Futi 10 ni mita 3.05. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la 56 Hz lina urefu wa mita 6 na kidogo, na nusu yake inaenea sawasawa kutoka ukuta hadi ukuta. Linasimama. Na kwa kuwa chumba chako ni mraba, kuta za mbele na nyuma zinafanya hivyo, za kushoto na kulia zinafanya hivyo hivyo, kwenye sauti ile ile.

Usiniamini mimi, jaribu. Ndani ya Reaper kuna kifaa cha kutoa toni tupu. Kiweke 56 Hz, sauti ya chini, kisha simama katikati ya chumba. Tembea polepole kuelekea ukutani, halafu kwenye kona. Katikati utasikia karibu hakuna kitu. Kwenye kona itakuvimbia kichwani. Sasa jiulize kiti chako kiko wapi. Kama kiko katikati, basi kila usiku umekuwa ukiongeza besi kujaza shimo ambalo liko chumbani kwako tu, halimo kwenye wimbo, na matatu imekuwa ikikulipa kwa kila desibeli uliyoiongeza.

Sogeza kiti kiwe takriban mita 1.15 kutoka ukuta ulio mbele yako, spika zikiwa pembe tatu sawa na kichwa chako. Hilo ni bure. Kisha mtafute seremala akutengenezee fremu za saiprasi za futi 2 kwa 4, unene wa sentimita 15, nne kwa kuanzia. Zijaze pamba ya mawe, ile ya kuzuia joto, kwa barakoa na glavu, au ukikosa, mablanketi mazito ya mitumba yaliyokunjwa bila kushindiliwa, kisha zifunike kitambaa unachoweza kupuliza pumzi ikapita. Zisimamishe kwenye kona. Hazitamaliza shimo la 56, nisikudanganye, chumba cha mraba cha ukubwa huo hakitibiki kabisa. Zitapunguza mvumo uliobaki hewani na utaanza kusikia kiki inapoanza na inapoisha.

Kwa sababu hiyo spika za inchi 8 usinunue. Zingemwaga besi zaidi ndani ya chumba ambacho kimeshindwa na iliyopo. Za inchi 5 zinakutosha. Sehemu za chini kabisa zikague kwa hedifoni nzuri, kwa sauti ya chini, na daima ukiwa na wimbo mmoja wa kulinganisha ambao umeusikia kila mahali, ulioushusha mpaka ukalingana na wako kwa ukubwa. Usipoushusha, utadhani ni bora kwa sababu tu ni mkubwa.

Mvua nayo, ipangie ratiba badala ya kupigana nayo. Gitaa na besi unazirekodi kwa waya, na mvua haiingii kwenye waya. Asubuhi Kakamega mara nyingi ni kimya: miksi wakati huo, kwa spika, masikio yakiwa mapya. Alasiri bati likianza, rekodi magitaa au panga ngoma, lakini usishindane na mvua kwa kupandisha hedifoni. Ikizidi, zima, unywe chai. Kuimba tu ndiko kunakohitaji ukimya. Na mwimbaji wenu, kama akinguruma anasikia koo linachoma, asimame hapo hapo. Mngurumo sahihi hauchomi.

Mvumo wa gitaa. Chomoa chaja ya kompyuta urekodi kwa betri. Ukiisha, ni chaja. Geuka na gitaa mkononi kuelekea pande tofauti. Ukipungua upande fulani, pickup, vile vipokezi vilivyo chini ya nyuzi, zinaokota umeme kutoka skrini au taa. Ukigusa nyuzi ukapungua, hiyo ni kawaida kwa gitaa lisilofunikwa vizuri ndani, na fundi huyo huyo wa gitaa anaweza kulipaka kinga. Lakini ukibaki ule mvumo mzito wa 50 Hz hata baada ya hayo yote, huenda soketi ya chumba haina waya wa ardhi. Na siku ukigusa nyuzi ukasikia umeme ukikuchonyota vidoleni, hata kidogo, chomoa kila kitu na umwite fundi umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, kabla hujachomeka tena. Usikubali mtu yeyote akuambie uondoe pini ya ardhi ili mvumo uishe. Mvumo utaisha kweli, na kinga yako nayo.

Nairobi? Si sasa. Huko metali imepigwa kwa miaka mingi, bendi kama Last Year's Tragedy na Seeds of Datura zimetoka huko, na kuna watu wenye masikio yaliyozoea. Siku utakapoamua kumlipa mmoja wao, mpelekee magitaa makavu kabla ya ampu, besi kavu, na ngoma kila moja kwenye faili yake, 24 biti, na usikilize kwanza metali nyingine aliyoimiksi. Lakini nyuzi legevu zitasafiri hadi Nairobi zikiwa legevu, na atakutoza pesa kwa kuzisikiliza. Reaper yenyewe unaweza kuijaribu siku 60 bure, na leseni ndogo ni dola 60. Siku hizo zikiisha, ilipie.

Ukifika mwisho usibane wimbo mpaka uwe tofali. Spotify husawazisha nyimbo kwenye kiwango cha takriban -14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima, kwa hiyo ukijikaza mpaka -6 watakushusha tu, na makali uliyoyasaga hayarudi. Acha limita, kile kizuizi cha vilele vya sauti, ikome kwenye desibeli -1.

Baada ya wiki ya kupumzisha masikio, na nyuzi mpya zikiwa zimewekwa, rekodi kiitikio peke yake: gitaa mara mbili, besi, kiki na sneya. Nitumie faili hizo kavu pamoja na miksi yako, uniandikie pia kengele ya masikioni imefikia wapi. Ujumbe huo wa kengele ndio nitakaousoma kwanza.